Baada ya Nakala, Asili Iende Wapi? Mjadala wa Masijala, Kamina

Kamina ni mji uliokuzwa na reli: kusini yaja njia itokayo Lubumbashi, kaskazini-magharibi yaelekea Kasai hadi gati la Ilebo, lililofikiwa mwaka 1928 wakati lilipokuwa likiitwa Port-Francqui, na mashariki, tangu mwaka 1956, lipo tawi liendalo Kabalo na kutoka huko Kalemie, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, na palipokutana magari moshi hapakosi kukutana karatasi. Kuna majalada ya watumishi wa reli, daftari za vizazi na vifo za komini, hukumu za mahakama, vyeti vya ardhi, sijili za ubatizo za misheni. Na tangu mwaka 2015, mji ulipofanywa makao makuu ya jimbo la Haut-Lomami, ofisi mpya zimeongeza mrundo wao juu ya mrundo wa kale. Kisha ikaja Sheria ya Dijitali ya tarehe 13 Machi 2023, iliyoyapa maandishi ya kompyuta hadhi katika ushahidi, na kwa hiyo swali ambalo hapo zamani lilikuwa la wenye kuota ndoto limekuwa swali la kazi za kila siku: karatasi zikishapigwa picha na kutiwa katika mtambo, zenyewe zifanywe nini?

Sauti tano zisikikazo hapa chini hazina majina, kwa sababu si watu mahususi. Ni rai ambazo kila aliyewahi kusimama mbele ya dirisha la masijala amezisikia kwa namna moja au nyingine, nami nimeziketisha pamoja ili zijibizane. Msomaji asitaraji kwamba mwandishi atakaa kimya.

*Mkuu wa Masijala:* Mimi ndiye mshika funguo, kwa hiyo naomba kusikilizwa kwanza, na mniwie radhi nikisema kwa ukali. Hao waipendao karatasi aghalabu ni watu wasioshinda nayo chumba kimoja. Mvua za kwetu huanza Oktoba na hazitupi nafasi mpaka Aprili, na katika majira hayo kila jalada lililo karibu na ukuta huvuta unyevu, na mchwa, ambao hawabagui baina ya hukumu ya mahakama na stakabadhi ya kununulia mishumaa, huingia kwa nyuma ya kabati na kula taratibu, hata siku atakapokuja mtu kuomba hati ya marehemu babake ndipo tunapogundua kwamba lililobaki ni gamba la nje na vumbi ndani yake. Sina chumba cha pili, sina dawa ya kutosha, na makarani niliopewa ni wa kupokea watu. Tukizipiga picha karatasi zote, na sheria ikakubali kwamba maandishi ya mtambo ni ushahidi, basi kuzishika karatasi zile zile ni kulipa gharama mara mbili kwa kitu kimoja. Hata Uingereza, serikali yake ilipendekeza mwezi wa Desemba 2023 kwamba nyaraka za wasia wa watu waliokufa zitiwe katika kompyuta na asili zake ziharibiwe baada ya miaka 25, isipokuwa zile za watu mashuhuri. Ikiwa wao, wenye maghala yaliyopimwa joto na unyevu, waliona mzigo umewaelemea, sembuse mimi?

*Mwalimu wa Historia:* Umetaja Uingereza, Mama Mkuu, nami nakushukuru, kwani mfano huo wanisaidia mimi kuliko wewe. Pendekezo lile liliamsha makelele ya wanahistoria, na hoja yao ilikuwa nyepesi kuielewa: nani ajuaye leo mashuhuri wa kesho ni yupi? Lakini sitaki kubishana juu ya mashuhuri. Nataka kusema juu ya wanyonge. Katika nchi hiyo hiyo, mwaka 2010, wizara yao ya mambo ya ndani iliharibu maelfu ya kadi za kushukia melini, zilizoandikwa siku watu wa visiwa vya Karibi walipowasili zamani, na kadi hizo zilikuwa katika chumba cha chini cha jengo moja huko Croydon, zikionekana, kama yanavyoonekana majalada yako, kuwa ni vitu vya kujaza nafasi tu. Miaka michache baadaye watu wale wale, waliokuja kihalali wangali watoto, wakaanza kudaiwa wathibitishe tangu lini wako nchini. Wengine wakapoteza kazi, wengine wakatiwa kizuizini, wengine wakasafirishwa kwa nguvu. Na habari ya kuharibiwa kwa kadi ilipofichuka mwezi wa Aprili 2018, wizara haikuwa na la kurudisha. Sidhani karani aliyezitoa kadi zile alikuwa na chuki na mtu. Alikuwa anahama chumba.

*Mkuu wa Masijala:* Lakini kadi zile hazikupigwa picha kwanza. Mimi nasema zipigwe.

*Mwalimu wa Historia:* Kweli, na tofauti hiyo naikubali. Basi nitoke Uingereza nirudi kwetu. Mwezi wa Agosti 1908, Leopold wa Pili alipokuwa karibu kulikabidhi dola lake la Kongo kwa serikali ya Ubelgiji, tanuri za Brussels zilichoma nyaraka za dola hilo kwa muda wa siku nane. Na Waingereza walipokuwa wakitoka katika makoloni yao, Kenya ikiwa mojawapo, walizichoma baadhi ya nyaraka, nyingine wakazisafirisha kwao na kuzificha Hanslope Park, mpaka mwaka 2011, wazee wa Mau Mau walipokuwa mahakamani London, ndipo ikabidi wakiri kwamba zipo. Angalieni jambo hili: aliyechoma katika kila kisa ndiye ambaye karatasi ingemshuhudia. Kwa sababu hiyo mimi nikisikia ofisi inasema kwamba asili haihitajiki tena, swali langu la kwanza si la mtambo. Nauliza karatasi hiyo ingesema nini, na juu ya nani.

Fauka ya hayo, sisi tuko katika nchi ya Waluba, na Waluba waliweka kumbukumbu kabla ya kuijua karatasi. Mnaijua lukasa, ule ubao wa kushikwa mkono wa kushoto, uliopambwa kwa shanga na nakshi, ambao watu wa chama cha Mbudye waliusoma kwa kupitisha kidole cha mkono wa kulia, wakitaja wafalme, safari, mipaka na miiko ya ufalme. Mbao hizo nyingi leo ziko katika majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani, na picha zake zimejaa vitabuni. Lakini ubao uliofanywa usomwe kwa kidole, picha yake humpa mtazamaji rangi ya shanga na kumnyima kimo chake, na mpangilio ambao kidole kingeuhisi jicho hulipita. Karatasi nayo ina mambo ya kidole: alama ya kalamu iliyokandamizwa, muhuri uliopigwa mara mbili, tundu la pini linaloonyesha kwamba palikuwa na ukurasa wa pili.

*Kijana wa Mitambo:* Mwalimu, kwa heshima zote, lukasa umeileta wewe nami naomba kuishika kidogo. Ubao ule bila mtu wa Mbudye ni ubao bubu. Walioziweka mbao makumbushoni wanazo asili zenyewe, shanga kwa shanga, na bado hawawezi kuzisoma, kwa sababu walizichukua mbao wakamwacha msomaji. Majalada ya Mama Mkuu yako vivyo hivyo: asili ipo, fihirisi haipo. Mtu akija leo kuuliza jalada la mwaka 1961, karani aingia chumbani na tochi, atoka baada ya saa mbili na vumbi kichwani, asema rudi wiki ijayo. Mimi nikizipanga picha zile kwa jina, kwa mwaka, kwa kituo, nitakuwa nimemrudisha msomaji. Sipiganii kuchoma. Napigania kitu kitumike.

*Mstaafu wa Reli:* Mwanangu, umesema kwa jina. Hebu nisikilize mimi niliye na majina.

Nilipoingia kazini, reli ilikuwa bado BCK, kampuni iliyoundwa mwaka 1906. Ikaja ikaitwa KDL. Mwaka 1974 ikaunganishwa na reli nyingine za nchi ikawa SNCZ. Mnamo 1995 ikashikwa na Sizarail. Na tangu 1997 ni SNCC. Kituo ni kile kile, taa ya ishara ni ile ile, na mimi ni yule yule, ila kichwa cha barua kimegeuka mara nne. Tena mimi mwenyewe niligeuka. Niliandikwa Pierre, kwa jina la ubatizo, mpaka mwaka 1972, serikali ya Mobutu ilipotuamuru tuyaache majina ya kizungu tuchukue ya mababu. Na karani wa wakati ule, Mungu amrehemu, hakufungua dosye mpya, kwani karatasi zilikuwa adimu: alilikata jina la kwanza kwa mstari mmoja wa wino mwekundu, akaandika jipya juu yake, akatia tarehe na sahihi pembeni. Enzi ile ilipopita wengi wetu tukarudi kwa majina yetu ya kwanza, na karani mwingine, ambaye hakuwa nadhifu kama yule, akaandika kwa kalamu ya risasi tu. Sasa nieleze: picha yako ikiwa ya rangi nyeusi na nyeupe, mstari ule mwekundu utaonekanaje? Si utaonekana kama mtu aliyefutwa kazi? Na kalamu ya risasi, ambayo hata mimi kwa macho haya naisoma kwa kuinamisha karatasi dirishani, mtambo utaiona? Na katika fihirisi yako nitakuwa Pierre, au nitakuwa yule wa 1972, au nitakuwa watu wawili, mmoja akiwa na miaka michache ya utumishi na mwenzake akiwa na iliyobaki, na wote wawili wasitoshe kwa pensheni?

Bado. Uhamisho wangu wa kwenda Kabalo haukuandikwa mbele ya karatasi. Uliandikwa nyuma, juu ya karatasi nyembamba ile ya nakala za kaboni, ambayo maandishi ya upande mmoja hupenya upande wa pili hata yakagombana. Na kuna wenzangu ambao dosye ndiyo mali yote waliyobakiwa nayo. Mwaka 1992 na 1993, watu wa asili ya Kasai walipofukuzwa katika miji ya Katanga, treni zao zilipita hapa hapa Kamina, na hapakuwa na mwingine wa kuwapitisha kwa reli ila sisi. Walibeba walichoweza. Wengi hawakubeba hati za kazi, kwa maana mtu anayekimbia huchukua mtoto na godoro. Miaka yao ya kazi imeandikwa wapi, kama si katika kabati za ofisi walizozitumikia? Mtu wa namna hiyo hawezi kuja Kamina leo kukagua kama picha ilitoka vizuri. Hajui hata kwamba kuna anayepiga picha.

Sisemi kwamba ofisi itatenda hila. Nasema ofisi ndiyo inayodaiwa.

*Kijana wa Mitambo:* Baba, sehemu kubwa ya hayo yana dawa, na mambo mengine nitayataja mwenyewe kabla hamjanikamata nayo. Picha ipigwe kwa rangi, nukta 300 kwa kila inchi kwa uchache, mbele na nyuma hata kama nyuma panaonekana patupu. Pini na vishikizo viondolewe kwa mkono. Fihirisi ishike majina yote ya mtu, la ubatizo na la 1972, pamoja na nambari ya matrikule, ambayo mara nyingi haikubadilika jina lilipobadilika. Kazi hiyo si ya haraka, na anayewaambia kwamba mashine hula jalada zima kwa dakika moja anauza mashine.

Hatari yenyewe iko mahali ambapo watu hawaitazami. Mwaka 2013, David Kriesel, mtaalamu wa kompyuta wa Ujerumani, aligundua kwamba mashine fulani za Xerox zilikuwa zikibadilisha tarakimu katika nyaraka zilizopigwa picha: 6 ikawa 8, na ukurasa ukabaki safi, usio na doa la kumshtua msomaji. Sababu ilikuwa ubahili wa nafasi: ili faili liwe dogo, mashine ilitafuta vipande vya picha vinavyofanana na kutumia kipande kimoja mahali pa vyote, na panapo chapa hafifu ikadhani tarakimu mbili ni moja. Karatasi iliyoliwa na mchwa yajulikana kuwa imeliwa. Lakini nakala yenye mshahara wa 1986 ulioandikwa 1988 haimwambii mtu kitu. Kwa hiyo mimi, ambaye ndiye mtetezi wa mitambo hapa, nasema picha isibanwe kwa njia ile, na kila rundo lilinganishwe na asili na mtu ambaye si yeye aliyepiga picha.

Na la pili: mwisho wa Oktoba 2023, Maktaba ya Uingereza ilivamiwa na wezi wa mitandaoni, na huduma zake zikalala kwa miezi mingi, na miongoni mwa vilivyotoweka machoni pa wasomaji zilikuwa picha za mpango wake wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini, ambazo nyingi zilipigwa Afrika. Mpango ule, hata hivyo, tangu mwanzo una kanuni kwamba asili zibaki katika nchi zake. Picha zilipofungiwa, karatasi zilikuwa bado kabatini.

*Mkuu wa Masijala:* Kijana wangu, nilikuita unisaidie!

Mwandishi aombe nafasi hapa, maana naona wabishani wanakaribia kukubaliana kwa sababu isiyo ya kweli, yaani kwamba karatasi ni bora na mtambo ni hafifu. Hilo silikubali. Daftari nyingi za nchi hii zimekufa kwa maji, moto na vita, wala hakuna nakala iliyobaki kuzisimulia. Laiti zingalipigwa picha, hata kwa mashine mbaya, wengi wangalikuwa na la kuonyesha. Anayechelewesha kazi ya kunakili kwa kuipenda asili anakula pamoja na mchwa. Lakini kunakili na kuangamiza ni matendo mawili, na watu huyatia katika bajeti moja kana kwamba la pili ni malipo ya la kwanza: mpango hupata fedha kwa ahadi ya kuokoa nafasi, na nafasi haiokolewi mpaka karatasi zitoke, hivyo mradi unaanza ukiwa umekwisha hukumu. Mimi naona mpaka wa kupasua jambo hili hauko katika ubora wa picha hata kidogo. Uko katika swali la mwalimu na mstaafu: karatasi hii inampa nani haki juu ya nani? Stakabadhi ya mishumaa ya mwaka 1978 haimpi mtu haki, ikishakaguliwa, iende. Bali jalada la mtumishi, sijili ya kizazi, hati ya kiwanja, hukumu ya mahakama, hizi ni karatasi ambazo raia huzitumia kuidai ofisi, na mdaiwa hawezi kuwa yeye mtunza asili, yeye mpiga picha, yeye mhakiki wa picha, na yeye mwenye ruhusa ya kuchoma, hata akiwa mwaminifu kama Mama Mkuu.

Tena nani ajuaye maswali yajayo? Nyaraka za kijiolojia za zama za ukoloni, zilizoko katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, ziliandikwa na watu waliotafuta madini ya wakati wao. Mwezi wa Julai 2025 serikali ya Kinshasa iliwekeana makubaliano ya awali na KoBold Metals, kampuni ya Marekani, na miongoni mwa yaliyotajwa ni kuzitia nyaraka hizo katika mfumo wa kidijitali. Karatasi za miaka mingi zimegeuka mali inayogombewa, kwa sababu ya madini ambayo waandishi wake hawakuyapa thamani.

*Wakili:* Nitasema machache, kwani wenzangu wamesema mengi. Sheria ya 2023 haiyapi maandishi ya kompyuta nguvu bila sharti: lazima ajulikane aliyeyatoa, na lazima yawe yamehifadhiwa hali hayakuguswa. Mtu akidai kwamba hati imeghushiwa, mahakama huita bingwa atazame wino, karatasi, mkazo wa kalamu. Ukimletea picha, umemwachia nini cha kutazama? Katika ardhi, kwa sheria ya tarehe 20 Julai 1973, cheti cha usajili huwa viwili, kimoja katika kitabu cha ofisi na kimoja mkononi mwa mwenye haki, na hekima yake ni kwamba vikipingana pana mahali pa kulinganisha. Kadhalika kuna sheria ya tarehe 11 Julai 1978 juu ya nyaraka, ambayo wakuu wa masijala huisahau, nayo haikufutwa kwa kuwa umenunua skana. Mimi nataka, kabla ya jalada lolote kutoka, iandikwe orodha, jalada kwa jalada, ibandikwe mlangoni na isomwe redioni, ipite miezi ya kutosha, na itiwe sahihi na mtu asiyelipwa na ofisi hiyo.

*Kijana wa Mitambo:* Na kila faili lina alama ya hesabu, tarakimu zinazotolewa na faili lenyewe, ambazo nukta moja ikibadilika nazo hubadilika zote. Alama hizo zichapwe karatasini na ziwekwe mahakamani. Akija mtu kuchezea picha miaka kumi baadaye, itajulikana.

*Mkuu wa Masijala:* Mnanitaka niweke karatasi ili kuthibitisha kwamba sihitaji karatasi.

*Kijana wa Mitambo:* Kurasa chache, Mama, badala ya kabati. Nikuulize nawe: majalada ya watumishi na sijili ni sehemu gani ya chumba chako?

*Mkuu wa Masijala:* Ukuta mmoja. Kuta tatu ni stakabadhi, hesabu zilizokwisha kukaguliwa, fomu tupu za mikoa isiyokuwapo tena, na nakala za nakala.

*Wakili:* Basi chumba unacho.

*Mkuu wa Masijala:* Chumba ninacho kwa miaka kumi, labda. Nakubali kuta tatu zitoke na ukuta mmoja ukae, na orodha nitaiandika. Ila sahihi itoke wapi? Tukisubiri mtu wa Nyaraka za Taifa aje kutoka Kinshasa, mchwa watakuwa wamekwisha kutusaidia.

*Wakili:* Hakimu yupo hapa Kamina.

*Mstaafu wa Reli:* Na mmoja wetu sisi wastaafu awe pamoja naye, aliyechaguliwa na wenzake.

*Mkuu wa Masijala:* Baba, wengine hawasomi Kifaransa.

*Mstaafu wa Reli:* Matrikule ni tarakimu, Mama. Kila mmoja wetu anaijua yake kwa moyo, na ya mwenzake aliyekufa pia, kwa sababu ndiyo iliyoitwa dirishani siku za mshahara.

Mama Mkuu alimkubali hakimu akamkataa mstaafu, akisema kwamba kazi ya serikali haiwezi kuingiliwa na kila mwenye dai. Na Wakili, kinyume cha nilivyotaraji, akamwunga mkono, kwa hoja kwamba mwenye dai naye ana maslahi. Mimi ningemweka mstaafu, na ningempa ruhusa ya kuizuia orodha kwa mwezi mmoja, kwani hakimu ataikagua sahihi na muhuri, ilhali yule atakayeona kwamba watu wawili waliomo katika orodha ni mtu mmoja ni yeye peke yake.